Diploma mkononi, matrikili Kinshasa

Kila mara matokeo ya Exetat yanapotoka napata swali moja lile lile. Safari hii limekuja kwa wingi. Mzazi anaandika: mtoto wangu amefaulu, anataka kusomea ualimu, nimwache aende? Baba mmoja aliyekimbia kutoka Masisi aliuliza kwa ukali kidogo: "Mwandishi, wewe mwenyewe ulisomea ualimu. Mbona hausomeshi?" Na mama mmoja aliyeishi kambini Rusayo, ambaye sasa anakaa kwa familia moja ya Ndosho, aliuliza kwa ufupi kuliko wote: "Ataingia pedagoji, ni vizuri. Lakini atakula nini?"

Kumjibu kila mtu peke yake siwezi, unite zinaisha. Nitajibu hapa mara moja, kwa yale niliyoyapitia na yale wenzangu tuliosoma nao wanayoyapitia leo.

Kwanza kuna vitu viwili ambavyo wazazi wengi wanavichanganya. Kuna pedagoji ya sekondari. Mtoto anaimaliza kwa Exetat, anapata diploma ya serikali, na kwa karatasi hiyo anaweza kusomesha shule ya msingi. Kwenye orodha za malipo anaandikwa D6. Halafu kuna chuo cha ualimu, kile tunachokiita ISP, pamoja na kitivo cha saikolojia na sayansi za elimu kwenye vyuo vikuu. Huko mtu anaingia akiwa tayari na diploma ya serikali. Kwa mfumo wa zamani alifanya miaka mitatu akawa gradue, G3, kisha miwili mingine akawa lisansie, L2. Kwa mfumo mpya wa LMD, ulioenea nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka mitatu na masta ni miwili. Mtu huyo anaandaliwa kusomesha sekondari. Kwa hiyo mzazi anayesema "mtoto anataka ualimu" amesema nusu ya jambo. Ualimu upi?

Na ndani ya L2 kuna herufi moja ambayo wengi wanaigundua wakiwa wamechelewa. L2A ni lisansie mwenye agrege, yaani amejifunza namna ya kusomesha, ameandika fishe za maandalizi, amesimama mbele ya wanafunzi wa kweli huku mwalimu wake amekaa nyuma ya darasa akiandika makosa. Aliyesoma sheria ama uchumi, halafu akaingia darasani kwa sababu kazi nyingine imekosekana, ni L2 bila A. Kwenye ubao wanafunzi wanajua tofauti yao baada ya wiki moja. Kwenye malipo, tofauti hiyo inaonekana pia.

Vyuo hivi vilizaliwa kwa sababu nchi ilikuwa na njaa ya walimu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1960, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu walikuwa wachache mno, na walimu wengi wa sekondari walikuwa wageni. Mwaka 1961 kulifunguliwa mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, chuo cha taifa cha ualimu, IPN, ambacho tangu mwaka 2005 kinaitwa UPN. Mwaka 1971 vyuo vikuu na vyuo vya ualimu viliwekwa chini ya chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA, mpaka mwaka 1981 vilipotenganishwa tena. Mzee aliyenisomesha historia alitoka katika enzi hiyo. Alituambia kwamba alipopokea diploma, kazi ilikuwa inamngoja, na mshahara wake wa kwanza ulinunua baiskeli na pesa ikabaki. Sisi tulicheka. Tulidhani anatia chumvi.

Leo kijana akitoka chuoni, diploma iko mkononi mwake lakini maisha yake yanategemea kitu kingine, namba. Tunaiita matrikili. Mwenye matrikili na jina kwenye orodha ya malipo anasemekana "amemekanizwa". Mshahara ni mdogo, unachelewa, lakini upo. Asiye nayo anaitwa NU, maana yake kwa Kifaransa ni mtu mpya aliyeongezwa kwenye kazi. Ninajua watu wapya ambao mvi zimewaota. Kuna pia NP, wale wenye namba lakini hawalipwi. Msicheke. Ni kundi kubwa, lina mikutano yake na wasemaji wake.

Namba inapatikana namna gani? Kwa karatasi, ni rahisi. Unaleta barua ya maombi, kopi ya diploma iliyothibitishwa, karatasi ya kupewa kazi tunayoiita komisyo ya afektasyo, na hati inayosema kwamba kweli umeanza kazi. Faili linatoka kwa prefe. Kama shule ni ya Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, Waislamu au kanisa lingine lenye mapatano na serikali (mapatano ya kwanza ni ya mwaka 1977, na sehemu kubwa ya shule zetu ni za aina hii), linapita kwa koordinasyo ya kanisa. Linafika sudivizyo ya elimu, linafika kwa ofisi ya malipo ya walimu iliyoitwa SECOPE zamani na DINACOPE siku hizi, halafu linaenda Kinshasa. Huko ndiko jina linaingizwa, kama bajeti inaruhusu.

Lakini faili lako peke yake halitoshi. Shule yenyewe lazima iwe imetambuliwa na kuingizwa kwenye bajeti, na darasa unalosomesha liwe kati ya yale yaliyoingizwa. Shule inaweza kuwa na madarasa kumi na mawili na yanayolipwa yakawa sita. Walimu wa madarasa sita mengine wanaingia kazini saa moja na nusu kama wenzao, wanaandika jurnali ya darasa kama wenzao, inspekta anawakagua kama wenzao. Mwisho wa mwezi ndipo wanatengana.

Mimi nilitoka na L2A ya historia. Nilisomesha miaka minne kwenye shule moja ya sekondari upande wa Sake. Nilikuwa na saa 22 kwa wiki, kuanzia madarasa ya chini mpaka wale wa Exetat. Faili langu nililipeleka mara tatu. Mara ya kwanza katika ofisi moja waliniambia halionekani. Mara ya pili walinionyesha kwamba lipo, ila karatasi moja imepotea. Mara ya tatu mtu mmoja aliyekaa nje kwenye benchi, ambaye mpaka leo sijui alikuwa nani pale, aliniambia kwa sauti ya huruma kwamba majina hayapandi yenyewe, yanasukumwa. Alitaja kiasi. Kilikuwa kikubwa kuliko kile shule ilichonipa kwa trimesta nzima. Nilirudi kwa mguu mpaka kituo cha pikipiki na sikurudi tena pale.

Nilikuwa naishi kwa nini, basi? Kwa wazazi. Hapa lazima tueleze, maana vijana wanadhani mambo yalikuwa hivi tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa Zaire, pesa ya nchi ilianguka na mshahara wa mwalimu haukununua kitu. Walimu waligoma muda mrefu. Ili shule zifunguliwe, wazazi wakakubali kumlipa mwalimu kitu kidogo kutoka mfukoni mwao, pamoja na maaskofu Wakatoliki ambao shule zao zilikuwa nyingi. Tukaita primu. Ilikuwa dawa ya muda. Ikakaa karibu miaka thelathini. Kila mtoto aliyefukuzwa shuleni asubuhi ya Jumatatu kwa sababu ya minervali alikuwa anafukuzwa ili mwalimu ale. Mwalimu na mzazi wakawa wanatazamana kama mdai na mdaiwa.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema kwamba shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na bila malipo. Mwezi wa tisa mwaka 2019 jambo hilo likaanza kutekelezwa. Watoto waliingia kwa wingi, wengine wakubwa wenye ndevu za kwanza wakikaa na wadogo wa miaka saba. Nani angekataa? Mimi nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini primu ya wazazi ilipokatwa katika shule za msingi, aliyeumia zaidi ni yule D6 asiye na namba. Mwenye namba aliongezewa kidogo na serikali. NU alibaki na darasa lililojaa kupita kiasi na mfuko usio na kitu. Baadhi waliingizwa kwenye malipo katika miaka iliyofuata, wengine hawajaingizwa. Sekondari wazazi wanaendelea kulipa, kwa hiyo huko mwalimu NU bado anapata kitu pale wazazi wanapokuwa na kitu. Ndiyo maana mkuu mmoja wa shule ya msingi aliniambia kwamba walimu wake bora walihamia sekondari, hata wale wasio na diploma ya sekondari.

Jambo lingine linaloziba njia halitajwi sana, labda kwa heshima. Ni wazee. Mwalimu aliyefikisha umri wa kupumzika anajua kwamba pesa ya mwisho wa kazi inaweza kuchelewa mpaka azikwe. Kwa hiyo haondoki. Anakuja na fimbo yake, anakaa kitini, mwanafunzi mmoja anaandika ubaoni kwa niaba yake. Simlaumu hata kidogo. Akitoka bila kulipwa, familia yake inaanguka siku hiyo hiyo. Lakini namba yake ndiyo ambayo kijana anaingojea nje ya mlango. Tarehe 30 mwezi wa nne, sikukuu ya elimu, wote wawili wanatembea pamoja barabarani katika kitenge kimoja.

Sasa wenzangu. Tulimaliza 23 katika idara yetu ya historia. Nimekaa jioni kadhaa na simu, nimewapata 19. Wanaosomesha wakiwa na namba ni 5. Wanaosomesha bila namba ni 3. Sisi wengine 11 tumetawanyika.

Mmoja ni motari mjini Goma, na anasema anakutana na wanafunzi wake wa zamani ambao wanakataa kumlipa nusu bei, wanalipa nzima kwa heshima, jambo linalomuumiza zaidi kuliko wangeomba kupunguziwa. Mwingine ana depo ndogo ya unga Birere. Mmoja ni polisi. Mmoja yuko Kampala anasomesha Kifaransa katika shule ya watu binafsi. Yeye alisoma historia, lakini kule Kifaransa chake cha Kongo kimekuwa mali kuliko diploma yenyewe. Aliniambia kwamba mwanzoni hakuna aliyetazama kama yeye ni L2A ama ni nani. Walimpa chaki, wakakaa nyuma ya darasa, wakamsikiliza dakika arobaini. "Staji ile tuliyoilalamikia," akasema, "ndiyo iliyonipa chumba huku."

Wanne waliingia mashirika ya misaada. Hili lisiwashangaze. Mtu aliyesomea ualimu anajua kusimama mbele ya watu hamsini, kueleza jambo gumu kwa maneno mepesi, kuandika ripoti na kujaza orodha bila kukosea majina. Mashirika yanataka watu wa namna hiyo kwa ajili ya maji, chanjo, watoto, kila kitu. Walipata mikataba ya miezi mitatu, miezi sita, mara chache mwaka. Mmoja alijenga nyumba ya mbao na mabati Kyeshero. Lakini Marekani ilipokata misaada yake mwanzoni mwa mwaka 2025, wawili kati yao walipokea barua katika muda wa wiki chache. Mmoja amerudi kusomesha, kama NU, akiwa na miaka arobaini na moja. Anasomesha chini ya prefe ambaye alikuwa mwanafunzi wake.

Na mimi niko hapa redioni. Yule baba wa Masisi amepata jibu lake. Kazi hii pia haina mshahara wa kujivunia, watu wa redio za jamii mnatujua. Lakini ukitazama vizuri, nafanya kazi ile ile: natafuta jambo, nalihakikisha, nalipanga, nalieleza. Nilichokosa ni ubao.

Kwa familia zilizohama, kuna sehemu moja ya habari hii inayowahusu kuliko wengine. Orodha ya malipo inaandikwa kwa shule. Jina la mwalimu liko chini ya shule fulani, katika sudivizyo fulani. Vita ikiifukuza shule, jina linabaki limeandikwa mahali ambapo hakuna mtu. Mwezi wa pili mwaka 2024 mapigano yalipofika kwenye milima ya Sake, watu walimiminika Goma, na walimu wakiwa kati yao. Baadhi ya shule za Masisi na Rutshuru zilijaribu kuendelea mjini, zikiazima madarasa ya wenyeji saa za mchana wanafunzi wa asubuhi wakishatoka. Mwenye namba aliyeweza kujiandikisha hapo alikuwa bado na uzi wa kushika. NU hakuwa na uzi wowote. Alipofika Bulengo ama Lushagala alikuwa mkimbizi kama wengine, akipanga mstari wa unga, na hakukuwa na karatasi hata moja katika ofisi yoyote iliyosema kwamba mtu huyu amesomesha hisabati miaka tisa.

Hata hivyo ni hao hao waliowasomesha watoto wenu. Ninyi mliokaa kule mnakumbuka: shitingi iliyofungwa kwa kamba, mawe meusi ya volkano yakiwa viti, kipande cha mbao kilichopakwa makala kikiwa ubao. Mahali pengine shirika lilitoa posho ndogo. Mahali pengine mwalimu alianza mwenyewe, kwa sababu watoto walikuwa wanazurura barabarani na yeye alikuwa hana la kufanya, na mikono ya mwalimu haijui kukaa. Mama mmoja wa Kanyaruchinya aliniambia kwamba alimlipa mwalimu wa mtoto wake kwa kikombe cha maharage kila Ijumaa. Tukarudi kwenye primu, safari hii kwa vikombe.

Baada ya Goma kuchukuliwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na kambi kuvunjwa mwezi uliofuata, hata wenye namba walionja. Benki zilifungwa. Pesa iliyokuwa kwenye akaunti ilionekana kwenye simu tu. Waliokuwa na njia walivuka mpaka Gisenyi kutafuta, wengine walipitia pesa ya simu na kukatwa kila hatua. Mwenzangu mmoja kati ya wale watano wenye namba aliniambia siku hizo: "Sasa tumefanana." Hakusema kwa furaha.

Haya, jibu. Mama wa Rusayo, binti yako aingie ama asiingie?

Mimi nasema aingie, kama moyo wake uko huko, lakini aingie akijua. Na aangalie idara gani. Historia kama mimi, tumejaa. Wa hisabati na fizikia hawatoshi. Prefe wanaazimana mwalimu mmoja kati ya shule tatu, na huyo, hata akiwa NU, anapata saa nyingi na wazazi wa watahiniwa wanamtafuta jioni. Biolojia na kemia pia. Kifaransa na Kiingereza vinasafiri, mmesikia habari ya Kampala. ISP zina pia informatiki na biashara, na wanafunzi wengi wanakimbilia huko bila nia ya kusomesha. Si vibaya, lakini basi mzazi ajue kwamba analipia kazi ya ofisi, na ofisi zenyewe hapa kwetu mnaziona.

Binti wa pedagoji ya sekondari, kama familia inaweza, asiishie D6. Najua neno "kama familia inaweza" ni zito. Kama haiwezi, aanze kusomesha na aendelee na masomo polepole. Wapo wengi waliofanya hivyo, darasani asubuhi, chuoni jioni.

Atakapopewa kazi, kabla ya kusaini amuulize prefe ama direkta maswali mawili bila aibu: shule hii imemekanizwa? Na darasa utakalonipa, ni kati ya yanayolipwa? Mkuu mwaminifu atajibu. Akizunguka, hilo nalo ni jibu. Mtu akimwomba pesa ili jina lipande, asitoe. Sisemi hivyo kwa sababu ya utakatifu. Ninajua walimu waliouza mbuzi na wengine walioweka shamba rehani, na Kinshasa jina halikuonekana. Mbuzi hakurudi.

Na karatasi. Diploma, komisyo ya afektasyo, hati ya kuanza kazi, karatasi yoyote ya malipo: kila moja ipigwe picha leo, itumwe kwa watu wawili wanaokaa miji tofauti. Mfuko wa plastiki unazuia mvua, hauzuii moto. Mliokimbia usiku mnanielewa.

Kuhusu mshahara wenyewe, walimu waliogoma mwezi wa tisa 2024 katika majimbo mengi walidai ufike dola 500. Hesabu hiyo inawaonyesha wenyewe walikuwa wanapata chini ya kiasi gani. Sijui kama binti yako atauona mshahara huo akiwa bado kijana, mama, na sitakudanganya.

Nimalizie na yule wa mwisho kati ya wale watatu wasio na namba. Ni mwanamke, tulikaa benchi moja chuoni. Alikimbia shule yake mara mbili, mara ya pili akiwa na mtoto mgongoni. Nilipomtembelea mwezi uliopita nilimkuta amekaa mlangoni, kayee kubwa magotini, ananakili kitu kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa rejista ya darasa lake la zamani, majina 54 na pointi zao za trimesta mbili. Aliibeba badala ya masufuria. Wazazi waliotawanyika wanampigia simu kutoka Minova, kutoka Kitshanga, mmoja kutoka Bujumbura, kwa sababu shule wanazofikia zinataka kujua mtoto alifikia wapi, na buletini zimebaki kwenye nyumba zilizoungua. Anamwandikia kila mtoto karatasi yake, anasaini, anaandika chini L2A, halafu anaipiga picha na kuituma.

Nilimuuliza wanamlipa nini. Alisema baadhi wanatuma unite. Zilizobaki siku hiyo zilitosha karatasi tatu, na alikuwa amefika jina la 31.